Rekodi ya machapisho ya mtafiti wa seli na namna ya kuisoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Ukurasa huu umeandikwa kwa wanafunzi wa sayansi, watafiti wachanga, wajumbe wa kamati za ajira na wazee wa Unguja na Pemba waliowahi kuwekewa mbele yao orodha ya makala za mtafiti wa baiolojia ya seli, wakaambiwa "huyu ni mkubwa" au "huyu bado". Maswali ni yale ninayoulizwa maabara, ofisini na barazani. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: idadi ya marejeleo inaonyesha kazi imetumiwa na nani na mara ngapi, na hilo linafaa kujulikana. Lakini huwezi kumpima mtafiti mpaka uzifungue makala zenyewe, uzisome, na ujue mkono wake ulikuwa wapi ndani yake.

Rekodi ya machapisho ina nini ndani yake?

Huwa na makala za utafiti, makala za mapitio, sura za vitabu, tasnifu, na siku hizi rasimu zinazowekwa wazi mtandaoni kabla ya kuhakikiwa na wataalamu wengine. Kwa wanabaiolojia mahali pakubwa pa rasimu hizo ni bioRxiv, iliyoanzishwa mwaka 2013. Uzito wa aina hizi zote haulingani. Makala ya utafiti ndiyo inayobeba jaribio jipya. Makala ya mapitio inakusanya kazi za wengine na kuzipanga, na kwa kawaida hurejelewa zaidi kuliko ya utafiti, kwa sababu kila anayeingia kwenye uwanja huo huanza kwa kuisoma. Kwa hiyo ukiona mtu ana marejeleo mengi sana, tazama kwanza yametoka kwenye aina gani ya makala.

Kurejelewa ni nini, na nani anayehesabu?

Mtafiti akitumia hoja, data au mbinu ya mwenzake, huitaja makala hiyo mwishoni mwa yake. Kila mtajo ni rejeleo moja. Aliyegeuza jambo hili kuwa hesabu ya dunia nzima ni Eugene Garfield wa Marekani. Alitoa wazo hilo mwaka 1955, na mwaka 1964 faharasa yake ya marejeleo ya sayansi ikaanza kutoka. Ndiyo iliyozaa Web of Science ya leo. Hifadhidata nyingine mbili zinazohesabu marejeleo, Scopus na Google Scholar, zote zilikuja mwaka 2004.

Mbona Google Scholar inanipa marejeleo 60 na Scopus inanipa 35?

Hakuna aliyekosea. Scopus na Web of Science huchagua majarida ya kuingiza, na marejeleo kutoka nje ya uchaguzi huo hayahesabiwi. Google Scholar inapita mtandaoni na kuokota kila inachokitambua kuwa cha kitaaluma: tasnifu za vyuo, vitabu, ripoti, rasimu, pia majarida madogo. Mtafiti wa Zanzibar mara nyingi huonekana mkubwa zaidi kwenye Google Scholar kwa sababu kazi yake inatajwa katika tasnifu za Morogoro, Dar es Salaam au Nairobi, na Scopus haizioni. Upande wa pili, Google Scholar huweza kuhesabu kitu kimoja mara mbili, na haichuji ubora.

Ukiandika idadi ya marejeleo kwenye wasifu wako, andika umeitoa wapi na tarehe uliyoitazama. Na usimlinganishe mtu kwa Scopus na mwingine kwa Google Scholar. Nimeona jambo hilo likifanywa kwenye karatasi za ajira, nalo ni dhulma hata kama halikukusudiwa.

Faharasa h inahesabiwa vipi?

Ni namba moja ya kumpima mtafiti: h ni idadi ya makala zake ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyorejelewa zaidi kushuka chini. Tuseme zimerejelewa mara 90, 41, 12, 7, 6, 5 na 2. Hesabu kutoka juu: makala ya tano ina marejeleo 6, ambayo hayapungui tano. Ya sita ina 5, yamepungua sita. Basi faharasa h ya mtafiti huyu ni 5.

Sasa tazama kilichopotea. Makala ya kwanza ingerejelewa mara 9,000 badala ya 90, h ingebaki 5 ile ile. Mtafiti aliyeandika makala tatu tu za kutikisa dunia hawezi kupita 3. Tena namba hii haishuki kamwe, hata mtu akiacha utafiti, kwa hiyo aliyeanza kazi zamani ana faida kwa umri wake tu. Hirsch mwenyewe alishauri namba igawanywe kwa miaka ya kazi ili mdogo na mkubwa waweze kutazamwa pamoja. Mimi naitumia kwa jambo moja: kuona kama mtu ana kazi kadhaa zinazotumiwa, au ana moja tu inayombeba.

Kwa nini makala zangu nyingine hazionekani kwenye jina langu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwetu lina sababu yake.

Mzanzibari kwa kawaida huandikwa kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Mifumo ya majarida ilijengwa kwa watu wenye jina la ukoo linalorithiwa nyumba nzima. Chukua mfano wa kubuni, Fatma Juma Khamis wa Chake Chake. Makala ya kwanza anajaza fomu mwenyewe na anatokea kama Khamis F. J. Ya pili inawasilishwa na mwenzake wa Ulaya, anayemwandika Juma F. Ya tatu karani anaondoa herufi ya K, anakuwa Hamis F. J. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, kila mmoja ana makala moja, na faharasa h ya kila mmoja haiwezi kupita 1. Wakati huo huo, "Khamis F." mmoja kwenye hifadhidata anakusanya makala za Faki, Farid na Fatma wengine ambao hawajuani hata kidogo. Majina yetu ni machache na yanazunguka. Juma, Ali, Haji, Kombo, Suleiman na Said yamejaa kila wilaya.

Cha kufanya ni hiki. Kabla ya makala ya kwanza, amua jina lako la kitaaluma litaandikwaje, herufi kwa herufi, na usilibadilishe tena. Ukiona herufi mbili za mwanzo hazitoshi kukutenga, andika jina la kati kwa ukamilifu. Kisha jisajili ORCID, daftari la kimataifa la namba za kuwatambulisha watafiti. Ni bure, ilianza kutoa namba mwaka 2012, na inakupa namba ya tarakimu 16 ambayo ni yako peke yako popote utakapohamia. Itie kila unapowasilisha makala, na wape wenzako waitie wanapowasilisha wao. Kwenye Scopus unaweza kuomba wasifu uliogawanyika uunganishwe. Kwenye Google Scholar unafungua profaili, unaongeza zilizokosekana na unaondoa zisizo zako. Hili la kuondoa watu wengi hawalifanyi, na siku kamati ikigundua makala ya fizikia ya nyota ndani ya profaili ya mtu wa seli, atashukiwa hata kwa yale yaliyo yake kweli.

Wanawake wa kwetu wana nafuu moja hapa: wakiolewa hubaki na jina la baba, kwa hiyo rekodi haikatiki katikati kama inavyowatokea wenzao wa nchi nyingine wanaochukua jina la mume.

Jina likiwa la kwanza, la kati au la mwisho, kuna tofauti gani?

Katika baiolojia ya seli, tofauti kubwa. Wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyekaa maabara: aliyelea seli, aliyepiga picha za hadubini, aliyerudia jaribio mpaka likatulia, na mara nyingi ndiye aliyeandika rasimu. Wa mwisho ndiye mkuu wa maabara, mwenye wazo kubwa na fedha za utafiti. Wa katikati walitoa mchango wa sehemu: mbinu fulani, takwimu, sampuli. Mwandishi wa mawasiliano, ambaye anuani yake imewekwa, ndiye anayebeba dhamana ya kujibu maswali baada ya kuchapishwa. Nyota ndogo juu ya majina mawili maana yake wamechangia sawa. Wanahisabati hupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo usiichukue kanuni hii ukaenda nayo kwenye idara nyingine.

Mtafiti wa seli anayekua, rekodi yake huonyesha safari: makala za mwanzo jina liko mbele, halafu katikati kadiri anavyoshirikiana na wengi, kisha linaanza kutokea mwisho anapopata maabara na wanafunzi wake. Mtu mwenye makala 40 ambaye hajawahi kuwa wa kwanza wala wa mwisho anastahili kuulizwa kwa adabu alifanya nini katika kila moja. Huenda jibu likawa zuri sana. Fundi wa hadubini aliye hodari huwa na rekodi ya namna hiyo, na bila yeye makala hizo zisingekuwepo.

Orodha nyingine hazisaidii kabisa. Mwongozo wa kupima otofaji, yaani namna seli inavyojila sehemu zake na kuzitumia upya, ulipotolewa upya mwaka 2016 ulikuwa na waandishi zaidi ya elfu mbili. Umerejelewa mno. Ni kazi ya manufaa, ila marejeleo hayo hayakwambii kitu juu ya mmoja wao. Kwa sababu ya mambo kama haya majarida mengi sasa yanadai maelezo ya mchango, kwa mfumo wenye majukumu 14 ambamo kila mwandishi anatajiwa alichofanya. Maelezo hayo huwa mwishoni mwa makala, na watu huyaruka. Anza nayo.

Sampuli zimetoka Pemba. Mbona jina la kwanza na la mwisho ni la wageni?

Swali hili linaumiza, na halipaswi kujibiwa kwa kupoozana.

Kanuni ya uandishi inayofuatwa na majarida mengi ya tiba ina masharti manne: uwe umechangia kwa uzito katika wazo, data au uchambuzi, uwe umeandika au umeihariri makala kwa maana, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika. Kukusanya damu au choo kijijini peke yake hakutimizi yote manne. Lakini kanuni hiyo hiyo inasema aliyetimiza sharti la kwanza lazima apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Hapo ndipo watu wetu wanapoachwa. Sampuli zinapanda ndege, barua pepe zinanyamaza, kisha makala inatoka na sisi tumo kwenye shukrani.

Mkutano wa dunia wa uadilifu wa utafiti, uliofanyika Cape Town mwaka 2022, ulizaa tamko kuhusu usawa katika ushirikiano wa namna hii. Tamko linasaidia ukilishika mkononi mapema. Kabla sampuli haijatoka kisiwani, ndani ya andiko lile lile linalopelekwa kamati ya maadili, iandikwe nani atachambua nini, nani ataandika rasimu ya kwanza ya makala ipi, na mwanafunzi gani wa hapa atakwenda kujifunza mbinu huko sampuli zinakokwenda. Pemba ina maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, iliyofanya kazi tangu mwaka 2000 kwenye kichocho, minyoo na maradhi mengine. Watu wenye ujuzi wa kukaa mbele ya hadubini tunao. Kinachokosekana mara nyingi ni mkataba wa maandishi.

Makala iliyorejelewa zaidi ndiyo bora zaidi?

Hapana, na mfano mkubwa kuliko yote umetoka jirani kabisa na baiolojia ya seli. Mwaka 1951 Oliver Lowry na wenzake walichapisha njia ya kupima kiasi cha protini kwenye mchanganyiko. Jarida la *Nature* lilipotoa orodha ya makala 100 zilizorejelewa zaidi katika historia, mwaka 2014, hiyo ndiyo iliyoshika namba moja, ikiwa na marejeleo zaidi ya 300,000. Ya pili ilikuwa ya Laemmli ya mwaka 1970, ya kutenganisha protini kwa jeli na umeme. Ya tatu ya Bradford ya mwaka 1976, nayo ni ya kupima protini. Makala ya Watson na Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA haikuingia hata kwenye mia.

Lowry mwenyewe hakuona kuwa ile ilikuwa makala yake kubwa. Ilirejelewa kwa sababu kila maabara ilihitaji kupima protini. Uvumbuzi ukishazama kwenye vitabu vya skuli, watu huacha kuutaja mwandishi wake. Hakuna anayerejelea makala kila anapoandika kwamba mitokondria, sehemu inayoipa seli nishati, iko ndani ya seli.

Akichapisha kwenye jarida kubwa, si inatosha?

Kamati nyingi hupenda kuuliza kipimo cha athari cha jarida. Hesabu yake ni nyepesi: marejeleo ya mwaka huu kwa makala za miaka miwili iliyopita, kugawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida. Ndani ya jarida lolote makala chache huvuta marejeleo mengi na zilizobaki huvuta kidogo, kwa hiyo wastani huo haukwambii makala iliyo mezani kwako ni ya kundi gani.

Miongoni mwa waliokereka hadi kuchukua hatua ni wanabaiolojia ya seli wenyewe. Disemba 2012, kwenye mkutano wa mwaka wa Jumuiya ya Marekani ya Baiolojia ya Seli mjini San Francisco, wahariri na wachapishaji walikutana, na mwaka 2013 likatoka Tamko la San Francisco, linalojulikana kama DORA. Ombi lake kuu ni kwamba kipimo cha jarida kisitumiwe kupima ubora wa makala moja moja wala kuamua nani aajiriwe, apandishwe cheo au apewe fedha.

Wanaodhani hilo ni lalamiko la walioshindwa wamtazame Yoshinori Ohsumi wa Japani. Mwaka 1988 alipopata maabara yake ndogo Chuo Kikuu cha Tokyo, alichagua kutazama vakuoli ya hamira, sehemu ambayo wengi waliiona kama jaa la taka la seli. Mwaka 1993 yeye na Miki Tsukada walichapisha kundi la hamira zenye hitilafu zilizofungua njia ya kuzijua jeni za otofaji. Jarida lilikuwa *FEBS Letters*, jarida la heshima yake lakini si lile ambalo kamati husimama kulipigia makofi. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba, peke yake. Kamati iliyomtathmini mwaka 1994 kwa kipimo cha jarida ingeona nini?

Na Lynn Margulis, aliyedai kwamba mitokondria na kloroplasti (sehemu ya seli ya mmea inayotumia mwanga wa jua) zilianza kama bakteria waliomezwa na seli nyingine, makala yake ilikataliwa na majarida kama kumi na tano kabla ya kuchapishwa mwaka 1967. Leo hoja hiyo inafundishwa darasani.

Rekodi ina pengo la miaka miwili au mitatu. Mtafiti alilala?

Muulize kabla hujahukumu. Uzazi, ugonjwa, kuuguza mzazi, kupewa ukuu wa idara: yote haya huacha pengo. Kwa mtu wa seli kuna na jingine. Seli za binadamu hulelewa kwenye nyuzi joto 37 na hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, mchana na usiku. Sampuli hukaa kwenye friji la hasi 80. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, kinachokufa ni kazi ya miezi. Unguja iliwahi kukosa umeme wa gridi kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Ongeza vitendanishi, yaani kemikali za majaribio, vinavyoagizwa nje kwa ubaridi vikakaa forodhani mpaka barafu ikayeyuka. Mtafiti wa hapa anayetoa makala moja nzuri kila miaka miwili anafanya kazi ambayo mwenzake mwenye stoo ya vitendanishi ghorofa ya chini hajawahi kulazimika kuifanya. Kamati inayoajiri Zanzibar lazima ilijue hilo.

Naweza kumlinganisha mtu wa seli na mtu wa historia au hisabati?

Usifanye. Makala ya seli ina waandishi wengi na marejeleo mengi, na dunia ina watafiti wengi wa fani hiyo wanaorejeleana. Mwanahistoria hufanya kazi peke yake miaka mitano akatoa kitabu kimoja. Namba hazikutani.

Kazi yenye manufaa kwa visiwa vyetu lazima iwe na marejeleo mengi?

Wakati mwingine viwili hivyo huenda pamoja, wakati mwingine vinapishana.

Miaka ya 1994 hadi 1997 Unguja iliondoa mbung'o wa aina ya *Glossina austeni*, waliokuwa wakieneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe na wakijificha zaidi msitu wa Jozani. Sehemu ya mwisho ya kazi ilikuwa kuachia kwa ndege madume waliofugwa Tanga na kupigwa mionzi. Ukitazama ndani, hii ni baiolojia ya seli: mionzi inavunja kromosomu za mbegu za dume, jike anapandwa, yai linarutubishwa lakini kiumbe hakikui. Na jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Taarifa ya kisayansi ilitoka mwaka 2000 kwenye jarida la wadudu na uchumi, na majina ya Wazanzibari yamo kati ya waandishi. Imerejelewa vizuri kwa fani yake. Lakini mfugaji wa Kusini Unguja ambaye ng'ombe wake hawakondi tena hana hifadhidata inayomhesabu.

Pemba ina mfano wake. Mwaka 2006 jarida la *Lancet* lilichapisha jaribio lililofanywa kisiwani kwa watoto zaidi ya 24,000, kuona faida ya kuwapa wote madini ya chuma na foliki. Kilichoonekana ni kinyume cha kilichotarajiwa: watoto waliopewa walilazwa na kufa zaidi, katika eneo lililokuwa na malaria nyingi. Matokeo hayo yalilifanya Shirika la Afya Duniani lirekebishe ushauri wake juu ya kutoa chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria. Makala imerejelewa sana, ndiyo. Ila mwongozo wa shirika ulioibadili dozi ya mtoto zahanati ni rejeleo moja tu kwenye hesabu, au sifuri, na ndio nisingekubali usahauliwe. Kwa hiyo ukiandika wasifu wako, weka kifungu cha miongozo, sera na mafunzo yaliyotokana na kazi yako, kwa majina na miaka.

Nimeandikiwa barua pepe ya sifa nyingi, wakitaka makala yangu ndani ya wiki moja. Nikubali?

Barua inayokuita profesa mashuhuri wakati wewe ni mwanafunzi wa uzamili, inayoahidi uhakiki wa siku tatu na inayotaka fedha, iache. Kuhakiki makala ya seli huchukua wiki na mara nyingi miezi, kwa sababu wahakiki huomba majaribio mengine. Tazama kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanza mwaka 2003, na waulize wenzako kama wanawajua wahariri wake. Ada ikikushinda, omba msamaha wa ada kabla ya kuwasilisha: wachapishaji wengi wakubwa wana utaratibu huo kwa waandishi wa nchi kama Tanzania. Makala nzuri ikishazikwa kwenye jarida la utapeli ni vigumu kuitoa, na majarida ya kweli hayatapokea kilichokwisha chapishwa.

Mtu anaweza kuzipandisha namba zake kwa hila?

Anaweza: kujirejelea bila haja, vikundi kurejeleana, kuingizana majina. Kujirejelea kiasi ni halali, kwani kazi ya leo imesimama juu ya ya jana. Hifadhidata zote mbili za kulipia, Scopus na Web of Science, zinakuwezesha kuondoa marejeleo ya mtu mwenyewe. Ondoa, uone kinachobaki.

Nikitaka kujua kama kazi ya seli ni ya kuaminika, nitazame nini?

Picha. Sehemu kubwa ya ushahidi wa fani hii ni picha za hadubini na mistari ya protini kwenye jeli. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walitoa uchunguzi wa makala zaidi ya 20,000, na karibu 4 katika kila 100 zilikuwa na picha zilizojirudia isivyofaa. Nyingine ni makosa ya kupanga, nyingine zilichezewa makusudi.

Pili, seli zenyewe. Seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zilizoanza kuoteshwa maabara mwaka 1951, hukua kwa nguvu kiasi kwamba zimevamia chupa za maabara nyingi na kuchukua nafasi ya seli nyingine bila mwenye chupa kujua. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta makala zaidi ya 32,000 zilizotumia seli ambazo sizo zilizodhaniwa. Makala hizo zinaendelea kurejelewa. Mtafiti makini huandika kwamba alizipima seli zake na kuzithibitisha. Tafuta sentensi hiyo kwenye sehemu ya mbinu.

Tatu, angalia kama makala imefutwa. Januari 2014 makala mbili za Japani zilidai kwamba seli za kawaida zikitiwa kwenye asidi hugeuka seli shina, yaani seli zinazoweza kuwa seli za aina nyingine. Julai mwaka huo huo zikafutwa, baada ya maabara nyingine kushindwa kulirudia jaribio na dosari kugunduliwa. Wapo walioendelea kuzitaja. Rejeleo huhesabiwa hata likiwa la kukanusha.

Kamati yetu ina nusu saa kwa kila mwombaji. Tufanye nini?

Mwombeni achague makala tatu, na kwa kila moja aandike mistari mitano: swali lilikuwa nini, yeye alifanya nini kwa mikono yake, kitu gani kilibadilika baadaye. Mjumbe mmoja asome angalau moja kwa ukamilifu. Namba za Scopus ziwekwe pembeni, zitumike kuuliza maswali. Vyuo vyetu huhesabu pointi za machapisho na hilo haliondoki kesho, lakini pointi hazikatazi mtu kusoma.

Makala za kwetu kwenye majarida ya Afrika zinahesabiwa?

Baadhi. AJOL, iliyoanza mwaka 1998, inaweka mtandaoni majarida ya Afrika, likiwemo la sayansi ya bahari la WIOMSA, jumuiya yenye ofisi yake hapa Zanzibar. Google Scholar huyaona mengi ya majarida hayo, Scopus huyaona machache. Kama unafanya kazi ya seli za mwani unaougua, na wasomaji unaowataka wako Paje, Mombasa na Maputo, jarida la ukanda huu linaweza kukufaa kuliko la Ulaya. Waambie wasimamizi wako sababu hiyo kwa maandishi.

Nitazipata wapi makala bila kulipa?

Anza na PubMed Central, maktaba ya mtandaoni ya makala za tiba na baiolojia, na bioRxiv, ni wazi kwa wote. Kama chuo au taasisi yako imejisajili Research4Life, mpango ambao sehemu yake ya afya, Hinari, ilianza mwaka 2002, mkutubi anaweza kukupa njia ya kuingia kwenye maelfu ya majarida. Watu wengi hapa hawajui kama taasisi yao imesajiliwa. Ikishindikana, mwandikie mwandishi wa mawasiliano. Jitambulishe, taja makala kwa jina lake kamili, sema unaihitaji kwa kazi gani. Wengi hujibu na kiambatisho, na wengine huuliza seli zako zinaendeleaje.